Doa Jekundu la Lukangasi

Picha ilipotokea ukutani, ukumbi mzima ulinyamaza, na haukuwa ukumbi wa watu wa kunyamaza ovyo. Ulikuwa wa hoteli moja mjini Iringa. Ndani walikaa maofisa wa maji wa wilaya, viongozi wa jumuiya za watumia maji kutoka Iringa na Mbeya, padri mmoja mwenye miradi ya visima, na mwandishi wa redio ambaye, tuseme ukweli, alikuja kwa ajili ya wali na kuku. Tangu asubuhi walikuwa wakinong'ona, wakichezea simu na kutoka nje kwa zamu. Lilipotokea bwawa la Lukangasi, hata mwandishi aliinua kichwa.

Bwawa lilikuwa limepigwa picha na setilaiti kutoka huko juu angani, kisha kompyuta ikayapaka maji rangi. Bluu ni maji masafi, njano ni maji yaliyoanza kuchafuka, nyekundu ni tope tupu. Karibu bwawa lote lilikuwa la bluu. Ila upande wa kaskazini, mbele ya boma moja lililojitenga, palikuwa na doa jekundu kubwa, kama mtu amemwaga mchuzi wa nyanya kwenye shuka jeupe.

"Mnaona wenyewe," alisema Bi Alinanuswe, mkuu wa mradi, mama wa Kinyakyusa mwenye mwili mdogo na sauti ya kutosha watu watatu. "Maji haya yananywewa na vijiji viwili. Na hapo kwenye nyekundu ndipo mifugo inapoingilia. Mwaka huu masika yalikuwa mawingu mtindo mmoja, picha zote zilitoka nyeupe. Tumepata hii moja tu, ya tarehe kumi na tisa Machi. Lakini msidhani kompyuta imetuotea ndoto. Huyu kijana wangu hapa, Gideon, alikuwa bwawani saa ile ile setilaiti inapita. Akapima, akachota. Picha na chupa vimesema neno moja!"

Wakapiga makofi. Gideon alikuwa amesimama pembeni, kazi yake kubonyeza kompyuta ili picha zibadilike, na makofi yale yalimkuta mdomo uko wazi. Alikuwa anataka kusema kitu. Ninamtetea kwa hilo, maana ndilo peke yake la kumtetea siku ile: alitaka kusema. Lakini makofi yana ubaya wake, ukiyasikiliza kidogo tu yanakuwa yako. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa kwa adabu, akabonyeza picha iliyofuata.

Boma lile lililojitenga lilikuwa la shangazi yake.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila hiyo tarehe kumi na tisa hakuna kisa. Gideon alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtoto wa Mzee Nkuba, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Maswa hadi bonde la Usangu miaka mingi kabla Gideon hajazaliwa. Alisoma, akapata ajira ya mkataba kwenye mradi huo wenye ofisi Mbeya, uliokuwa ukichunguza usafi wa maji ya maziwa na mabwawa kwa kutumia picha za setilaiti. Setilaiti hupita juu ya Lukangasi kila siku ya tano, kwenye saa tano asubuhi. Mtu wa uwandani anatakiwa awe majini saa hiyo hiyo, ashushe kisahani cheupe chenye kamba, aangalie kinapotelea wapi machoni, achote chupa, aandike fomu. Kwa vipimo hivyo kompyuta inafundishwa kuisoma picha. Mtu akiiandikia uongo, nayo inajifunza uongo huo kwa bidii zote.

Mwezi Machi Gideon alikuwa anaoa. Wakwe zake walikuwa wafugaji wa Pawaga, upande wa Iringa, na walitaka kuja Lukangasi kuchagua ng'ombe wa mahari wakati wa masika, majani yakiwa bado mabichi na mifugo imenona. Gideon akaomba ruhusa. Bi Alinanuswe akamjibu akicheka, "Baba, setilaiti haina harusi. Tarehe kumi na tisa nakutaka bwawani." Gideon naye, badala ya kununa, akaona ameokota embe chini ya mti. Si bwawani ndiko nyumbani kwao? Akampigia baba yake simu: waiteni wakwe siku hiyo hiyo, nitakuwepo kikazi. Akaenda na pikipiki ya ofisi, mafuta ya ofisi, na shati jipya ndani ya begi la chupa za sampuli.

Na hapa ndipo inapokuja ile hila ambayo mfugaji yeyote anaijua na hakuna aliyewahi kuiona ni hila. Ng'ombe wakienda kuonyeshwa kwa wakwe, hunyweshwa kwanza. Tena hunyweshwa wote kwa pamoja, dakika za mwisho, ili wafike uwanjani matumbo yamejaa na ngozi inang'aa. Siku za kawaida Lukangasi haikuwa hivyo. Upande ule wa kaskazini ulilindwa na Shangazi Minza, dada yake Mzee Nkuba, mjane mwenye ng'ombe wachache. Alikuwa amezungushia miiba ufukwe mzima. Ng'ombe wake walikunywa kwenye birika alilojenga kwa saruji, maji akiyavuta kwa ndoo mwenyewe, na ng'ombe wa mtu mwingine akionekana anapenya miibani, Minza alimfuata mwenye ng'ombe hadi kwake kumpa vidonge vyake. Watu walimwita Askari wa Maji, kwa utani, na nyuma ya mgongo.

Asubuhi ya tarehe kumi na tisa, Askari wa Maji aliivuta miiba kwa mikono yake. "Leo ni siku ya mwanangu," alisema. "Wapitisheni." Wakapita ng'ombe tisini, wa Mzee Nkuba na wa ndugu zake wote, ili wakwe wachague humo. Wakaingia hadi vifuani, wakakoroga, wakakunya, wakapigana pembe. Gideon aliingia nao akiwa amekunja suruali, na saa tano kamili akashusha kisahani. Kilipotea kwenye shubiri moja, mahali ambapo siku nyingine kilionekana hadi urefu wa mkono mzima. Akachota chupa. Juu yake anga lilikuwa limefunguka, bila wingu hata moja, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Kupima hakukuwa kosa, maji yalikuwa vile yalivyokuwa. Kosa lilikuwa kwenye fomu. Kuna mstari unaouliza: hali ya eneo wakati wa kipimo, tukio lolote lisilo la kawaida. Gideon aliuangalia. Angeandika ng'ombe tisini wa sherehe, angeulizwa sherehe ya nani. Kule uwanjani wakwe wameshaanza kuitwa. Akaandika, "Kawaida." Akavaa shati jipya, akaenda kuoa.

Basi hilo ndilo neno lililokuwa ukutani pale Iringa mwezi Juni, limepakwa rangi nyekundu.

Baada ya mkutano mambo hayakuchelewa. Ripoti ilienda wilayani, ikashuka kijijini na picha yake, na kijiji, ambacho kwa miaka kilikuwa kinasubiri sababu ya kulichukua eneo lile, kikapitisha azimio: mifugo yote itoke upande wa kaskazini wa bwawa ndani ya siku thelathini, na eneo lipangiwe matumizi mengine. Mifugo yote ya upande wa kaskazini maana yake ilikuwa ng'ombe kumi na mmoja wa Minza. Wafugaji wengine walikuwa na vijana wa kuswaga mifugo hadi mtoni, mwendo wa nusu siku. Minza alikuwa na miguu yake miwili, na mmoja ulikuwa unavimba.

Gideon alizipata habari kutoka kwa mkewe. Walikuwa wamepanga vyumba viwili jirani na Mwanjelwa, Mbeya, na Nyamizi alikuwa ametoka kununua dagaa sokoni.

"Baba yako amepiga simu," alisema akivua kanga ya kichwani. "Shangazi Minza wanamfukuza bwawani. Eti ng'ombe wake wanachafua maji. Hivi inaingia akilini? Si ndiye yule wa miiba?"

"Ndiye," alisema Gideon.

"Aliyetufungulia siku ile ya mahari? Kaka zangu mpaka leo wanasimulia yale matumbo ya ng'ombe. Wanasema Wasukuma wa Usangu wana ng'ombe kama ngoma." Akacheka, kisha akamwangalia. "Mbona huli?"

"Nimekula kazini."

Hakuwa amekula kazini. Wiki hiyo hakula sawasawa popote. Alijua hasa anachotakiwa kufanya, na kingechukua dakika tano: kwenda kwa Bi Alinanuswe, kusema kwamba tarehe kumi na tisa haikuwa siku ya kawaida. Dakika tano. Aliziahirisha wiki tatu.

Siku moja alifika hadi mlangoni pake. Akagonga, akaambiwa ingia, akaingia. Bi Alinanuswe alikuwa na miwani usoni na karatasi mkononi.

"Afadhali umekuja," alisema. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu, kwa kazi ya Lukangasi. Bila kile kipimo chako ile picha ingebaki rangi tupu. Nimekuandikia barua ya mkataba mpya, miaka miwili. Ulikuwa unasemaje?"

Gideon akasema alikuwa anaulizia chupa mpya za sampuli.

"Ziko stoo," alisema Bi Alinanuswe.

Akaenda stoo. Akachukua chupa ambazo hakuzihitaji, akakaa nazo kwenye kiti chake, akajichukia. Namsema kwa sababu ni wa kusemwa, lakini nami sijui ni wangapi kati yetu wangetoka mle chumbani wakiwa wamesema. Mkataba wa miaka miwili si kitu cha kuchezea, na shangazi yuko mbali, na pengine, alijiambia, pengine kijiji kitaghairi. Alikuwa akijiambia hivyo huku anajua vijiji havighairi jambo lililoandikwa kwenye karatasi yenye picha ya rangi.

Zilipobaki siku mbili, Jumamosi, akachukua pikipiki ya ofisi akaenda.

Alifika Lukangasi saa nne asubuhi. Bwawa lilikuwa limetulia, na miiba ya Shangazi Minza ilikuwa bado imesimama ufukweni, imebanwa vizuri, haina hata tundu la mbuzi. Nyumba ndiyo iliyokuwa inaondoka. Nusu ya paa ilikuwa imeshaezuliwa. Mabati yalikuwa yamepangwa chini kwa mafungu na kufungwa kamba za katani. Minza alikuwa juu ya kigoda, mwanamke wa miaka sitini na tatu, anang'oa misumari kwa nyundo na kuiweka kwenye kopo, maana alikuwa mtu asiyetupa msumari.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, baba." Alishuka taratibu, mguu mbovu ukitangulia. Alimwita hivyo tangu akiwa mtoto, kwa kuwa alirithi jina la babu yake, baba mzazi wa Minza. "Umekuja! Nilimwambia Nkuba, huyu atakuja tu hata kama ana kazi nyingi. Mke hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia sana."

"Kaa basi. Viti nimeshafunga, kaa kwenye hayo mabati. Maziwa yapo ya mgando, nikuletee."

"Shangazi, usilete kitu. Kaa kwanza."

Akakaa. Gideon akahesabu ng'ombe kwa macho, tabia ya mtoto wa mfugaji, asiyeweza kupita zizi bila kuhesabu. Walikuwa saba.

"Wanne wako wapi?" aliuliza.

"Nimeuza. Lori la kwenda Chunya si la bure. Nakwenda kwa binti yangu, kule ana kieneo. Hawa saba ndio wanaoenea." Alisema bila uchungu wowote, kama anaeleza njia kwa mgeni.

Gideon akaangalia mikono yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima kutoka Mbeya, na sasa hayakuwepo hata moja, akabaki na yale yenyewe matupu.

"Shangazi, ile picha. Ile nyekundu. Si ng'ombe zako zile."

Minza aliugeuza msumari kiganjani.

"Ilipigwa siku ya mahari. Setilaiti ilipita wale ng'ombe tisini wakiwa majini. Nilikuwepo mimi mwenyewe nimeshika chupa. Nikaandika siku ya kawaida. Nilijua, shangazi. Kule Iringa wakati wanaionyesha kwa watu nilijua, na wiki hizi zote nilijua. Nimenyamaza kwa sababu niliogopa kazi."

Alitegemea vilio, au matusi, au hata kofi, na angelipokea kofi kwa shukrani. Shangazi yake akatoa msumari uliobaki kiganjani, akautupia kwenye kopo.

"Tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu," alisema.

Gideon akainua kichwa.

"Imeandikwa chini ya picha, kwa herufi ndogo. Kusoma sijui sana, lakini namba nazijua. Na mtamba wangu aliyekwenda Pawaga kwenye mahari yako, kibali chake cha kusafirisha ninacho kwenye kimkoba. Kumi na tisa, mwezi wa tatu. Waliposhika ile picha pale ofisi ya kijiji nikaiangalia, nikasema, aa, hii ni siku ya Gideon."

"Ulijua?"

"Mwenyekiti akaniuliza, mama, una la kusema? Nikasema sina."

"Kwa nini hukusema, shangazi?"

Alimwangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza jua linachwea wapi. "Ningesema nini? Kwamba mtoto wetu alikuja kuoa na pikipiki ya serikali? Kwamba alipima maji ya ng'ombe wa mahari yake? Si wangekufukuza siku hiyo hiyo! Ukoo mzima wa Nkuba umesomesha mtu mmoja. Mimi ni mzee, hizi ng'ombe zinaweza kunywa maji kwingine. Na miiba niliifungua mimi, hakuna aliyenishika mkono." Akajifuta jasho shingoni kwa ncha ya kitenge. "Nilidhani wewe ndiye hujui kuwa picha yenyewe ni ya siku ile. Nikasema, na asijue kabisa, atafanya kazi yake moyo mweupe. Sasa umejua, basi. Nyamaza hivyo hivyo. Lori linakuja kesho, mambo yameisha."

Sasa nitasema jambo ambalo Gideon hakumwambia mtu yeyote baadaye, hata mkewe. Aliposikia "nyamaza hivyo hivyo", alihisi nafuu. Kifua kilifunguka, mabega yakashuka, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu alikuwa mtu mwenye furaha. Amekiri, amesamehewa, na kazi ipo. Mwenye haki yake mwenyewe ndiye aliyesema yaishe. Alikuwa ameshaanza hata kufikiri kwamba atamsaidia kupakia.

Kisha akaona jinsi alivyokaa. Alikuwa amekaa starehe, miguu imenyooshwa, juu ya paa la nyumba ya shangazi yake.

Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Akasimama kwa nguvu hadi fungu la mabati likalia, akatoa simu, akampigia Bi Alinanuswe, na kwa kuwa hakujiamini tena hata kidogo, akaweka sauti ya nje ili asiweze kurudi nyuma mbele ya mtu aliyekuwa anasikia.

"Gideon, baba, Jumamosi hii?" Sauti ya Bi Alinanuswe ilijaa ua mzima. Kwa nyuma palisikika watoto na sufuria.

"Madam, niko Lukangasi. Fomu ya tarehe kumi na tisa Machi nilidanganya."

Akaeleza yote. Alieleza mahari, wakwe, miiba, ng'ombe tisini, mafuta ya ofisi. Shangazi Minza alikuwa akimfanyia ishara kwa mikono miwili akate, kisha akaacha, akawa anamtazama tu. Gideon alipomaliza, watoto na sufuria hawakusikika tena. Nadhani Bi Alinanuswe alikuwa ametoka nje.

"Umeniambia leo kwa nini?" aliuliza hatimaye. "Ulikuwa ofisini kwangu. Uliniomba chupa."

"Niliogopa, Madam."

"Mimi nimesimama mbele ya watu sitini na ile picha." Akapumua. "Nimeipeleka hadi Dodoma, Gideon. Na vipimo vya Mtera na Rukwa tumevipanga kwa kutegemea nukta yako hiyo. Yote tunarudia. Jumatatu naandika barua picha iondolewe. Azimio la kijiji si langu, siwezi kulifuta. Wilaya itakaa, kijiji kitakaa, hiyo ni miezi. Na wewe Jumatatu ulete maelezo ya maandishi na funguo za pikipiki. Ile barua ya mkataba nitaichana mwenyewe."

"Sawa, Madam."

"Huyo mama yupo hapo?"

Gideon akamwangalia shangazi yake. Minza akatikisa kichwa: hapana. Lakini simu ilikuwa wazi, na Bi Alinanuswe alikuwa mtu mzima, hakusubiri jibu.

"Mama, pole sana," alisema. "Nisamehe na mimi." Simu ikakatika.

Gideon aliirudisha mfukoni. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kitu kimesimama wima, na alikuwa tayari kushukuru Mungu kwa hicho. Alimgeukia shangazi yake. Nadhani alitegemea kuona uso umelainika. Sisi watu tukishafanya jambo jema baada ya kulichelewesha, tunataka tulipwe papo hapo.

Minza alikuwa amekaa vile vile, kopo la misumari mapajani.

"Hili eneo wameshampa mtu wa mpunga," alisema polepole. "Juzi. Ameshalipima kwa kamba. Hata hiyo barua ikija, mimi hapa sirudi."

"Nitakwenda kwa mwenyekiti leo hii, shangazi, nitamwambia mbele ya..."

"Ngoja. Nisikilize." Aliinua mkono. "Ng'ombe wanne nimeuza. Nyumba nimeibomoa. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa najiambia, Minza, usilie, umemnunulia mtoto kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa inanilaza."

Akalitikisa kopo, misumari ikalia.

"Ungesema mwezi uliopita, ningebaki kwangu. Ungenyamaza leo, ungebaki na kazi yako." Hakuwa anafoka. Alikuwa anahesabu, kama mifugo inavyohesabiwa jioni, na hesabu ilikuwa inakataa. "Kwa hiyo nimehama bure."

Aliweka kopo chini, akajishika goti, akapanda tena juu ya kigoda kung'oa mabati yaliyobaki. Gideon alisogea akashika upande wa pili wa bati ili lisimwangukie. Kutoka pale alipokuwa amesimama, bwawa lote lilionekana, bluu kutoka ufukwe hadi ufukwe.